Disiki Nzuri Inajulikana Nyumbani



Tangu mwanzo wa muhula huu kuko mabishano katika shule yetu, tena makali. Wengine wanasema disiki nzuri kupita zote ni ile inayotikisa ukuta. Wengine wanasema hapana, ni ile yenye gita nyingi. Mmoja wa darasa la nne aliandika ubaoni disiki kumi anazopenda, na kila asubuhi kuko mutu anafuta moja na kuweka yake, hata mwalimu wa hesabu anakosa fasi ya kuandika. Sisi wa gazeti tulinyamaza. Leo tunasema, kwa maana jambo limekwisha kutoka katika mchezo, limeingia katika feza za korali.

Historia mnaijua. Korali yetu iliweka feza kidogo kidogo muda wa miaka miwili, kwa michango na kwa kuuza mihogo ya shamba lao, ili nyimbo sita zitiwe kwenye disiki. (Siku hizi si disiki tena, ni fleshi, lakini sisi tutasema disiki tu, juu wazee wanaelewa.) Studio moja ya mjini ilipokea nusu ya feza na kutoa nyimbo mbili za kwanza. Nusu ingine haijalipwa. Kule studio, mbele ya mabafle mawili marefu kama mtoto wa miaka kumi, waimbaji walifurahi hata wengine wakatoka machozi. Wakarudi Obokote, jioni ile wakatia fleshi katika redio ya nyumbani, na koko mmoja aliyekuwa anapepeta muchele akasikiliza toka mwanzo hata mwisho. Kisha akasema: «Batoto, hii kintu inalia tu, haiseme.»

Korali ilikasirika. Wengine walicheka: koko anajua nini juu ya studio? Sisi tunaona koko ndiye aliyetoa hukumu ya kweli, na maoni yetu ni haya: disiki inapimwa nyumbani, kwa bafle ile watu wako nayo, kabla ya kupimwa kwa bafle ya studio ao ya bar. Tunajua kuko watakaosema tunataka kushusha muziki hata ulingane na redio mbovu. Wangoje kwanza.

Tuanze na bafle yenyewe, kwa maana wengi wanaitaja na hawajafungua hata moja. Ndani kuko sumaku, koili ya waya mwembamba, na karatasi ngumu yenye umbo la mdomo wa tarumbeta. Umeme wa muziki unapita katika waya, waya unavutwa na kusukumwa na sumaku, karatasi inakwenda mbele na nyuma, hewa inatetemeka, tunasikia. Ndiyo yote. Ginsi hii iliandikwa na Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, mwaka 1925, na hata leo bafle nyingi za dunia ni za ginsi ile ile, kubwa na ndogo.

Lakini kubwa na ndogo haziko sawa, na sababu yake ni ya fizikia, si ya bei. Sauti nyembamba inataka hewa kidogo. Sauti nene inataka hewa mingi. Kamba nene ya gita ya bas inatetemeka mara 41 kwa sekunde. Sauti inakwenda hewani karibu metre 340 kwa sekunde. Gawanyeni: wimbi moja la kamba ile liko na urefu wa metre 8 na zaidi, kupita urefu wa nyumba nyingi za kwetu. Sasa mnataka karatasi yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa isukume wimbi lile? Haiwezi, hata mkiomba. Tena kuko jambo lingine. Karatasi ikisukuma hewa ya mbele, inavuta hewa ya nyuma, na mawimbi yale mawili yakikutana yanauana, zaidi sauti nene. Ndiyo maana bafle inafungwa katika kisanduku. Mwenye kutaka kuhakikisha aitoe katika kisanduku chake na kuipiga wazi mkononi: bas inakimbia pale pale. (Asifanye kwa redio ya baba yake.)

Basi telefone na redio ndogo zinakata sauti nene. Je, mwenye redio ndogo haisikii bas hata kidogo? Hapa ndipo tunawaomba musikilize vizuri, kwa maana korali yetu itaponea hapa. Telefone za zamani za waya zilipitisha tu mitetemo kutoka 300 hata 3400 kwa sekunde, na sauti ya mwanaume akisema inatetemeka karibu mara 100 ao 120. Kwa hesabu, hakuna mtu angalitambua baba yake katika telefone. Lakini tunamtambua, tena tunasikia kwamba ni sauti nene ya mwanaume. Sababu gani? Kwa sababu sauti haitembei peke yake, inakuja na watoto wake: ukiimba 100, kuko na 200 ndani yake, na 300, na 400. Bafle ndogo inamkata baba na kuacha watoto, na sikio likiwasikia wale watoto linamtaja baba yao. Mungu ametuumba na sikio la mayele sana. Lakini lazima watoto wawepo! Mwimbaji wa bas anayefungua kinywa na kutamka neno, watoto wako wengi. Bas ya klavye, ile ya chini kabisa inayofanya «uuu» laini, haina watoto wengi. Nyumbani ile inakufa kabisa.

Neno la mwisho la fizikia, kisha tunaacha. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walipima masikio ya watu wakaona kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza sauti nene mbele ya zingine. Ukiongeza nguvu, bas inarudi. Mnaona sasa mtego wa bar? Mtu anapita mbele ya bar siku ya posho mangaribi, mabafle yanapiga kwa nguvu yote, anasikia bas tumboni, anasema: disiki hii ni tamu kupita zote. Siye disiki iliyo tamu. Ni kifungo cha nguvu kimefunguliwa hata mwisho. Disiki ingine yoyote ingalikuwa tamu vile vile, mpaka jirani alete malalamiko kwa chef de quartier.

Tulitaka kupima, si kusema maneno tu. Tulichukua nyimbo sita, tukazipitisha katika bafle tatu: telefone ya mwanafunzi mmoja, redio ya yule koko (ni ya zile ndogo zinazoingia fleshi, batri yake inakula jua), na ampli ya mwalimu mmoja iliyo na visanduku viwili vya mbao. Tulikuwa wanane. Tuliweka sheria moja: nguvu iwe sawa kwa nyimbo zote, kadiri sikio linavyoweza, kwa maana tumekwisha kueleza kwamba wimbo unaopigwa kwa nguvu zaidi unajifanya mzuri. Na kila mtu aliandika kwenye karatasi yake bila kusema neno, juu ya wale wenye midomo mikubwa wasitupeleke.

Wa kwanza ulikuwa Masanga wa Mwenda Jean Bosco. Wengine wa darasa letu hawakumjua hata kwa jina, ni haya kwetu sisi tunaosema Kiswahili, kwa maana yule aliimba kwa Kiswahili cha Katanga miaka mingi. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka inchi nyingi akikusanya muziki, alimkuta Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952 akamrekodi. Mtu mmoja, gita moja ya mti, vidole viwili vya mkono wa kuume. Hakuna ngoma, hakuna umeme ndani ya gita. Basi wasomaji, ni huu ulioshinda. Katika telefone tulisikia kila kamba. Katika redio ya koko tulisikia kidole gumba kinatembea chini na kidole kingine kinacheza juu, kama watu wawili wanaosalimiana njiani. Katika visanduku vya mwalimu ilikuwa nzuri zaidi, lakini haikuwa wimbo mwingine. Mmoja wetu, yule wa ukuta unaotikisika, aliandika: «Sikujua gita moja inaweza kujaza nyumba.» Bosco alikufa 1990 kwa ajali ya gari. Disiki yake inaendelea kusema katika redio ya batri.

Wa pili, Marie-Louise wa Wendo, 1948, na gita ya Henri Bowane. Ulitoka kwa Ngoma, nyumba ya disiki ya Mgiriki Jeronimidis kule Léopoldville, kwenye disiki zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Wazee wanasema watu walisadiki kwamba wimbo huu ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu. Sisi Waprotestanti hatusadiki hayo, lakini tunaelewa kwa nini walisema. Sauti ya Wendo ni ya juu, ya wazi, inapita katika kelele zote za disiki ya zamani kama mtu anayeita kutoka ngambo ya mto. Katika visanduku vya mwalimu, ajabu, ulipoteza! Mikwaruzo ilitoka wazi, shhh, shhh, na sauti ilionekana nyembamba. Katika redio ya koko mikwaruzo ilipungua na Wendo akakaa pale karibu yetu. Sababu tunaiona: disiki za wakati ule zilipigwa nyumbani kwa gramofone za kufunga kwa mkono, zenye sauti finyu kama redio ya koko. Wimbo ulirudi kwa ndugu yake.

Indépendance Cha Cha ulikuwa wa tatu. Joseph Kabasele na African Jazz waliurekodi Bruxelles mwezi wa kwanza 1960, wakati wakubwa wetu walikuwa kwenye Meza ya Mviringo na Wabelgiji. Huu ulifanywa kwa redio, tunasadiki hivyo kwa masikio yetu: majina ya watu na ya vyama yanatajwa wazi, gita ya Nico iko mbele, ngoma hazifuniki neno. Ilifaa iwe hivi, kwa kuwa ilikuwa habari pamoja na wimbo, na habari ilipashwa katika kila kijiji chenye redio moja na watu hamsini wakiizunguka. Kati ya karatasi nane, sita ziliuweka wa pili.

Wa nne ni wa ndugu zetu Wakatoliki, Sanctus ya Missa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza Kamina mwaka 1958 na watoto na walimu wa Padri Guido Haazen. Tuliuweka makusudi kwa ajili ya korali. Sauti nyingi, ngoma, hakuna klavye, hakuna gita. Hapa telefone ilishindwa nusu: ngoma zikawa kama vijiti vinavyopigwa juu ya kopo. Lakini kwaya ilikaa kwaya. Tulisikia mmoja anaita na wengine wanaitika, na tulisikia kwamba wale wanaoitika ni wengi, wamesimama pamoja katika nyumba moja kubwa. Waimbaji wetu wajiulize hapo walikuwa na mashini gani ambayo studio ya leo haina.

Wa tano, Mario wa Franco, 1985. Tunajua mkuu wa nidhamu hapendi, lakini hata yeye anajua maneno yake, tumemsikia. Wimbo unapita robo saa karibu, habari ya kijana mwenye diploma anayelishwa na mwanamke mwenye mali. Huu ndio ulioleta mabishano, kwa kuwa ulikuwa wa kwanza ubaoni. Katika visanduku vya mwalimu, bas na ngoma zilitembea chini kama mtumbwi mkubwa juu ya Lualaba, na gita zilizunguka juu yake, tulisahau kuandika. Katika telefone mtumbwi ulizama. Zikabaki gita zinazolia kama nyuki, na sauti ya Franco na ya Madilu. Lakini angalieni: hadisi ilibaki yote. Franco anapomsemesha Mario, unasikia kila neno, unasikia hasira yake, unasikia anacheka kidogo. Nusu ya mwili imekwenda, mutu bado yuko. Na haki tuiseme: fleshi yetu ilikuwa na kopi ya kopi, mutu alitoa kwenye kasete, mwingine akaipunguza ili iingie fasi ndogo kwenye telefone yake. Anayehukumu disiki kwa kopi ya namna ile anamhukumu mtu kwa picha ya kadi ya uchaguzi.

Kisha tukapiga wimbo wa korali yetu.

Katika visanduku vya mwalimu ulikuwa mkubwa, hatukatai. Klavye ilianza kama mvua, ngoma ya mashini ikaingia, sauti zikatoka na eko ndefu kama watu wanaoimba ndani ya kanisa kubwa la mawe. Katika redio ya koko: bas ya klavye ilipotea, na kwa sababu studio ilikuwa imewashusha waimbaji wetu wa bas ili wasigongane na klavye ile, nao wakapotea. Klavye ya juu ilikaa juu ya alto na kuzifunika. Eko ya neno la kwanza ilikuwa haijaisha, neno la pili likafika, yakachanganyika. Ikabaki soprano inapiga kelele kwenye bati la ngoma ya mashini. Katika telefone tuliomba wenzetu watatu wasio wa korali waandike ubeti wa kwanza. Mmoja aliandika maneno manne. Mwingine aliandika «Yesu» na kuweka alama ya kuuliza. Watatu alirudisha karatasi tupu.

Hapa tunamkumbuka mtume Paulo katika Wakorinto ya kwanza, sura ya 14, pale anapouliza habari ya filimbi na kinanda visivyotofautisha sauti zao. Hakusema juu ya bafle, lakini koko aliyeketi na muchele wake alisema neno lile lile kwa kifupi zaidi. Wimbo wa bar ukipoteza maneno, watu bado wanacheza. Wimbo wa korali ukipoteza maneno, kimebaki nini? Feza za mihogo miaka miwili zimenunua kilio.

Wenzetu wa upande wa pili wana maneno, na mengine yako na nguvu. Wanasema: redio za watu zitakuwa nzuri kesho, disiki itabaki, kwa nini tuifanye ndogo kwa ajili ya leo? Tunajibu kwamba Masanga haikuwa ndogo katika visanduku vya mwalimu. Kilicho wazi katika bafle ndogo kinaongezeka katika kubwa. Kilichofichwa katika kubwa hakitoki katika ndogo. Njia inakwenda upande mmoja tu.

Wanasema tena kwamba mafundi wa kweli wa Ulaya na Marekani hawapimi kwa redio. Hii si kweli. Kule Detroit, nyumba ya disiki ya Motown, iliyoanza 1959, ilisikiliza nyimbo zake kwa bafle ndogo kama ya gari kabla ya kuzitoa, kwa maana walijua vijana watazisikia katika gari. Bruce Swedien, fundi aliyetengeneza sauti ya Thriller ya Michael Jackson (1982), aliyekuwa na mabafle ya kila bei, alikuwa na kisanduku kidogo cha Auratone, karatasi moja ndani, na alikipenda kwa kazi hii hasa. Na bafle za Yamaha NS-10 zenye karatasi nyeupe, ambazo zimeonekana katika picha za studio nyingi za dunia, ziliuzwa mwaka 1978 kama bafle za nyumbani. Hazikusifiwa sana nyumbani. Mafundi wakazichukua juu ya ukali wake: haziremeshi kitu, wimbo mbaya unaonekana mbaya. Basi wale wanaofuata Ulaya wafuate hata hapa.

Neno lao la tatu tunalikubali, tena kwa moyo. Kuko muziki ambao bafle ya nyumbani itaudhulumu siku zote. Ngoma yetu ya mti, ile lokole, ni mmoja. Mmisionari wa Kibatisti John Carrington, aliyefika Kongo 1938 na kukaa upande wa Yakusu karibu na Kisangani, alijifunza kuipiga na kuielewa, akaandika kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma ile inasema kweli, kwa maana lugha za kule zina sauti ya juu na sauti ya chini katika kila neno, na ngoma iko na sauti hizo mbili. Ukimpoteza ya chini, haikupungua uzuri tu, imekuwa bubu. Wala redio yoyote haitaipeleka kilometre kadhaa juu ya mto kama yenyewe inavyokwenda. Kwa lokole, mutu atoke nyumbani aende aisikie. Hatutaki mtu aseme kwamba gazeti limehukumu ngoma za babu zetu kwa telefone.

Vile vile hatusemi Mario iondolewe ubaoni. Sisi wenyewe tulisahau kuandika! Tunasema tu yule anayeiweka ya kwanza aseme aliisikia wapi. Huyu wa kwanza aliyeandika orodha, tulipomuuliza, kumbe disiki saba kati ya kumi alizisikia fasi moja, mbele ya bar ile ile, siku moja ya sikukuu. Ile si orodha ya disiki. Ni orodha ya siku njema, na siku njema hatuna ruhusa ya kuihukumu.

Lakini korali haiimbi kwa ajili ya siku moja. Disiki yake itakaa katika nyumba ambapo mama anapika, mtoto analia, mvua inapiga bati, na redio iko juu ya meza, batri nusu. Itapigwa katika kilio, wakati watu wamechoka na wanataka kusikia neno la tumaini, si klavye. Wengine wataipokea Kisangani ao Bukavu kwa telefone tu, wala hawatakuwa na bafle ingine mwaka mzima. Wale ndio wenyewe wa disiki. Studio haitaisikiliza tena kamwe baada ya kulipwa.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa korali, kwa heshima, wasilipe nusu ile ingine kabla ya mambo matatu kufanyika. Studio iondoe eko iliyozidi na iweke klavye nyuma ya waimbaji, ao iinyamazishe kabisa katika beti. Waimbaji wa bas warudishwe mbele, na wao nao waache kunguruma na midomo imefungwa, watamke. Na nyimbo zile mbili ziletwe hapa kwanza kwenye fleshi, kama jaribio, bila kulipa. Fundi mwenye kupenda kazi yake hatakataa. Ni kazi ya saa moja ao mbili kama bado ameweka kila sauti mbali. Kama amezichanganya zote na kufuta, afadhali korali iimbe upya, watu wote wamesimama katika kanisa letu, mikro mbili, usiku wakati kuku wamelala. Wale wa Kamina walitoka mbali kwa namna ile.

Mtihani tumekwisha kuutayarisha. Siku ya posho, saa kumi alasiri, kwenye kiwanja cha yule koko, kwa ruhusa ya Prefe. Watasikiliza watu sita ambao hawajaimba katika korali wala hawajui nyimbo zile, kati yao wazee wawili. Kila mmoja ataandika, ao atasema na mwingine ataandika, maneno ya ubeti wa kwanza jinsi alivyoyasikia mara moja tu. Tukipata ubeti mzima kwa wanne kati ya sita, korali ilipe siku ya kwanza ya juma. Telefone mbili tunazo, redio ya koko iko. Tunatafuta bado moja: mwenye redio ambayo bafle yake imepasuka karatasi, ile inayotetemeka kama bati, aje nayo. Tunaihitaji kuliko zingine zote.